Kabla ya Kumpeleka Babu Pemba

Idd Kubwa iliyopita nilimtumbukiza babu yangu kwenye minazi. Msishtuke, ilikuwa kwenye skrini tu. Lakini sebule yetu ya Mawaleh ilikuwa imejaa: shangazi zangu wawili, watoto wao, halua na kahawa bado ziko mezani, na Babu amekalishwa kiti cha mbele kabisa kama mgeni rasmi. Ndege ikagusa chini, ikaendelea kukimbia, ikaendelea tu, njia ikaisha, na skrini ikajaa majani ya kijani. Kimya. Halafu mtoto wa shangazi, ana miaka sita, akauliza, "Tumefika?"

Mnaotusikiliza kila wiki mnakumbuka kile kipindi cha wazee wetu ambao hawawezi tena kusafiri. Babu ni mmoja wao. Alizaliwa Pemba, si mbali na Chake Chake. Aliondoka miaka ya sitini, akapita Tanga, akakaa Mombasa, akafika Muscat mwaka 1974. Tangu hapo hajarudi. Kwanza pesa hakuna, halafu kazi, halafu watoto, na sasa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki na daktari amesema safari ndefu hapana. Kutoka Muscat hadi Unguja ni karibu kilomita 3,900. Kwa hiyo mimi, mjukuu mwenye kompyuta kubwa na usukani wa rubani uliochukua nusu ya meza, nikamwahidi mbele ya watu: "Babu, Idd hii nakupeleka kwenu."

Asubuhi ya siku ile ile nilikuwa nimenunua ndege mpya kwa ajili ya simuleta. Ndege ya pangaboi mbili, za aina ile inayobeba abiria kati ya Unguja na Pemba. Nikaishusha, nikaifungua, nikaona chumba cha rubani kinang'aa, nikasema yalla, twende. Sikuijaribu hata mara moja.

Baada ya ile minazi, Babu hakukasirika. Aliuliza maswali mawili tu.

"Ndege hii umeinunua lini?"

"Leo asubuhi, Babu."

"Na Pemba wewe ushakwenda?"

"Bado, Babu."

Akanywa kahawa yake. "Sasa mwanangu, ndege huijui, kiwanja hukijui. Mgeni kampeleka mgeni. Mngefika wapi?"

Makala hii yote imetoka kwenye sentensi hiyo. Wengi mmeniandikia mkiuliza, ukinunua ndege mpya kwenye simuleta, unaijaribu wapi? Jibu langu la zamani lilikuwa "popote panapopendeza". Jibu langu la sasa limenigharimu aibu ya Idd, kwa hiyo lisomeni vizuri.

Nilivyomsingizia asiyekosa

Kwanza niungame. Usiku ule ule, watu walipoondoka, niliandika maoni mahali iliponunuliwa ile ndege. Niliipa nyota mbili. Nikasema breki zake dhaifu, waliotengeneza hawakufanya kazi yao, msinunue. Niliandika kwa hasira, na kwa Kiingereza kizuri sana.

Asubuhi yake nikaenda kumsalimia Babu. "Shikamoo, Babu." "Marahaba." Alikuwa ameshaamka zamani, yuko barazani. Akaniambia bila kunitazama:

"Jana pale ulitoka Unguja."

"Ndiyo."

"Mwezi wa sita. Kusi inavuma. Ukaenda nayo mpaka Pemba, ukatua nayo. Jahazi ndivyo linavyokwenda, lataka upepo mgongoni. Na ndege nayo ni hivyo hivyo?"

Nikanyamaza. Kwa sababu ndege si hivyo hivyo. Ndege inataka upepo usoni inaporuka na inapotua. Kila anayecheza simuleta anajua hilo siku ya kwanza. Mimi nina miaka saba.

Nieleze kwa wale ambao maneno haya ni mageni. Pwani yetu ina pepo mbili kubwa. Kaskazi inavuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban Disemba hadi Machi. Kusi inavuma kutoka kusini na kusini-mashariki, takriban Mei hadi Septemba. Hizi ndizo zilizokuwa zikiendesha biashara yote kati ya Oman na Zanzibar: majahazi yakishuka na kaskazi kwenda Unguja, yakirudi na kusi kuja Muscat na Sur. Ukisikia mzee anasema "alikuja na kaskazi", anataja msimu na usafiri kwa neno moja.

Sasa chukua ramani. Ukitoka kiwanja cha Unguja kwenda kile cha Pemba, unaelekea kaskazini-mashariki kama kilomita 125. Na njia ya kurukia ya Pemba imelala upande huo huo: namba zake ni 03 na 21, yaani ukitua kwa 03 unaelekea digrii 30, na ukitua kwa 21 unaelekea digrii 210, upande wa pili. Kwa hiyo anayetoka Unguja anaikuta njia imenyooka mbele yake kama zulia. Inashawishi mno. Nilishuka moja kwa moja.

Simuleta ilikuwa imewekwa hali ya hewa ya kweli, na siku hiyo ilinipa upepo wa noti 20, yaani maili 20 za baharini kwa saa, kutoka digrii 160. Piga hesabu: karibu noti 13 zilikuwa zinanisukuma mgongoni. Tuseme ndege inakuja kwa noti 110 hewani. Kwa 03 ilikuwa inagusa ardhi kwa noti 123. Kama ningezunguka nikatua kwa 21, upepo ungekuwa usoni na ningegusa kwa noti 97. Tofauti inaonekana ndogo, lakini nguvu ambayo breki zinapaswa kuimaliza inakua kwa mraba wa kasi. Kutoka 97 hadi 123, nguvu hiyo inaongezeka karibu asilimia 60. Na njia ya Pemba kwa ramani niliyonayo ni mita 1,525 tu.

Breki hazikuwa na kosa lolote. Nilirudi nikafuta maoni yangu, nikaandika mengine kuomba radhi. Lakini watu walikuwa wameshayasoma, na mmoja alikuwa ameshajibu, "Asante, nilikuwa karibu kuinunua." Huyo sijui kama alirudi kusoma radhi yangu.

Kiwanja kimoja, swali moja

Kosa lenyewe si upepo. Upepo ni bahati ya siku. Kosa ni kwamba mambo mawili mapya yalikutana, na mambo yalipoharibika sikuwa na njia ya kujua nani mwenye makosa. Je, ni ndege? Kiwanja? Hali ya hewa? Mimi? Nikachagua aliye mbali zaidi na mimi.

Kwa hiyo sheria ni hii: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ndege mpya, kiwanja unachokijua. Kiwanja kipya, ndege unayoijua. Na kila kiwanja kiulize ndege swali moja tu. Hii hapa ngazi yangu, nami naipanda kwa mpangilio huu kila ninaponunua ndege mpya.

Ya kwanza: nyumbani. Kwangu ni Muscat, OOMS kwa herufi za marubani. (Herufi mbili za mwanzo zinataja nchi: OO ni Oman, HT ni Tanzania, HK ni Kenya. Ukizijua hizo, kutafuta viwanja kwenye simuleta kunakuwa rahisi.) Muscat ina njia mbili sambamba, mpya ikiwa na urefu wa kilomita nne. Iko karibu usawa wa bahari na ina ILS, ule mfumo wa redio unaoiongoza ndege hadi mlangoni mwa njia. Yaani kiwanja hakina hila. Lakini sababu yangu kubwa si urefu. Sisi tunakaa Mawaleh, magharibi ya kiwanja, na ndege zinazotua kuelekea mashariki zinapita karibu na paa letu tangu nilipozaliwa. Najua zinavyokuwa kubwa zikifika juu ya barabara. Najua sauti ya injini inavyoshuka. Ndege ya simuleta ikiwa juu mno au chini mno, jicho langu linajua kabla ya saa za rubani.

Pale nafanya mambo yale yale kila mara. Nawasha kila kitu kuanzia ndege ikiwa imezimwa kabisa. Natembea nayo ardhini hadi kwenye njia, naruka, nazunguka, natua. Mara tatu. Uzito ule ule, mafuta yale yale, hewa shwari, nyuzi 15. Naandika kwenye daftari: imeinuka kwa kasi gani, imetumia njia kiasi gani, nimeshusha flapu kiasi gani, yale mabawa madogo ya nyuma ya bawa kubwa. Otopailoti inashika mwinuko au inayumba? ILS inaikamata au inaipita? Mara tatu ni kwa sababu mara ya kwanza unajijaribu wewe. Ya pili ndiyo ndege. Ya tatu ni kuhakikisha.

Kama kompyuta yako si ya nguvu, usianze kwenye kiwanja chenye majengo mengi. Picha zikianza kukatika, hutajua ni ndege nzito au ni jengo la abiria. Anza Duqm: njia ndefu, jangwa, bahari, basi. Ikienda vizuri Duqm na ikakwama Muscat, ushajua kosa si la ndege.

Ya pili: joto. Hapa sihami. Nabaki Muscat ile ile, njia ile ile, nabadilisha kipimajoto tu kutoka 15 hadi 45. Sisi wa huku hatuhitaji kuelezwa joto ni nini. Juni 2018, Quriyat, mwendo wa saa moja tu kutoka Muscat, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 mchana na usiku kucha. Hewa ya nyuzi 45 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 15 kwa karibu asilimia 9. Hewa nyepesi ina maana bawa linapata kidogo cha kushikilia, injini inapata kidogo cha kuvuta, na ndege inahitaji njia ndefu zaidi kabla ya kuinuka. Ndege iliyotengenezwa vizuri kwenye simuleta itakuonyesha hilo. Iliyotengenezwa ovyo itaruka pale pale iliporuka asubuhi, kama vile haitoki jasho. Hapo ndipo utajua pesa yako imekwenda wapi.

Ya tatu: mwinuko. Nenda Nairobi. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya bahari, na hewa yake ni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani. Lakini njia yake ina zaidi ya kilomita nne, kwa hiyo inakupa swali gumu na nafasi ya kukosea. Utaona kitu cha ajabu: saa ya kasi inasoma vile vile unapotua, lakini ardhi inapita chini yako haraka zaidi. Ukitaka zaidi, Addis Ababa, mita 2,334, karibu asilimia 20 ya hewa imepungua. Mimi huishia hapo kwa ndege za kawaida.

Ya nne: upepo wa ubavuni. Sasa Unguja. Kiwanja cha Abeid Amani Karume, ambacho wazee wetu bado wanakiita Kisauni, kina njia moja iliyolala kaskazini–kusini: 18 na 36. Zima hali ya hewa ya kweli, weka upepo mwenyewe kutoka mashariki, anza noti 10, halafu 15, halafu 20. Upepo unaupiga ubavu wa ndege moja kwa moja. Je, pua inageuka kuelekea upepo inavyopaswa? Usukani wa miguu unatosha kuinyoosha kabla ya kugusa? Ndege inateleza ikishatua? Njia ina kama kilomita tatu na bahari iko karibu, kwa hiyo hakuna mlima wa kukuongezea matatizo. Swali ni moja.

Ya tano: milima. Khasab, kule Musandam. Milima imekizunguka kiwanja na mlango wake ni bahari. Hapa hujaribu tena otopailoti, unajaribu mikono yako na macho ya ndege: je, kile chombo cha kuonya ardhi kinasema kwa wakati, au kinanyamaza mpaka mwisho? Ndege inageuka vizuri kwa kasi ndogo? Kwa wanaopenda historia, kumbukeni kwamba kabla ya 1973 hata Muscat yenyewe ilikuwa hivi. Kiwanja kilikuwa Bait al Falaj, pale Ruwi, kimebanwa na milima. Leo ukipita Ruwi unaona benki na ofisi, na ile ngome ya Bait al Falaj imekuwa makumbusho ya majeshi. Kiwanja cha Seeb kilipofunguliwa mwaka 1973 kilikuwa ni kutoka bondeni kwenda uwandani.

Ya sita na ya mwisho: kifupi. Pemba. Ndege ikifika hapa nimeshaijua. Kama kuna kitu kitaharibika, nitakuwa najua si breki.

Hata wakubwa hufanya hivi

Msidhani haya ni mambo ya watoto wa kompyuta. Airbus walipokuwa wanaijaribu A350 mwaka 2014, waliipeleka Iqaluit, kaskazini ya Kanada, kwa ajili ya baridi. Wakaipeleka Cochabamba na La Paz, Bolivia, kwa ajili ya mwinuko. Kiwanja cha La Paz kiko zaidi ya mita 4,000, na theluthi moja ya hewa haipo. Na kwa ajili ya joto waliipeleka wapi? Al Ain. Hapo Al Ain, unavuka mpaka tu kutoka Buraimi. Wakitaka upepo mkali wa ubavuni, watengenezaji wa ndege huenda Keflavík, Aislandi. Hakuna kiwanja kimoja kilichofanya kazi zote. Kila kimoja kilichaguliwa kwa ugumu wake mmoja.

Kuna jambo la pili ambalo watu wa simuleta tunalisahau: kiwanja nacho kina tarehe. Waliokuwa wakicheza Microsoft Flight Simulator za zamani walianzia Meigs, Chicago, kiwanja kidogo kando ya ziwa. Machi 2003 meya wa mji alipeleka matingatinga usiku yakachimba njia yake, na leo ni bustani. Goma, Januari 2002, lava ya mlima Nyiragongo iliingia kiwanjani ikafunika sehemu ya njia. Na Muscat ya simuleta yangu ya kwanza, ile ya mwaka 2006 niliyorithi kwa kaka yangu, ilikuwa bado na njia moja na jengo la zamani la Seeb, wakati jengo jipya la abiria limefunguliwa Machi 2018. Ndege ya leo kwenye kiwanja cha jana ni mgeni kwa mgeni tena. Kabla hujalaumu, angalia kiwanja chako ni cha mwaka gani.

Ndiyo maana kabla ya kurudi Pemba na ile ndege mpya, nilikwenda Pemba mara nne na ndege yangu ya zamani, ile ndogo ya injini moja ninayoijua mpaka inavyokohoa. Nilitua kwa 21, nikatua kwa 03, nikapita chini kuangalia miti imekaribia njia kiasi gani. Mara ya kwanza sikushughulika na ndege hata kidogo. Nilikuwa natazama kisiwa. Nilijiona kama mtu anayechungulia nyumba ya jamaa zake kutoka barabarani, hajui abishe hodi mlango gani.

Hapo ndipo nilipomwelewa Babu. Aliteremka Seeb mwaka 1974, kiwanja kikiwa na umri wa mwaka mmoja, na yeye hajui mtu. Kiarabu chake kilikuwa cha madrasa. Upepo wa huku hakuujua. Aliwahi kuniambia kwamba mwaka mzima alikuwa akitoka nje asubuhi kunusa kusi, na kusi haiji. Mimi Muscat naijua kwa sauti za ndege juu ya paa, na Pemba naijua kwa namba. Yeye kinyume chake. Kati yetu wawili tuna safari kamili, lakini hakuna mmoja wetu aliye nayo peke yake.

Safari ya pili

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa Agosti, baada ya sala. Safari hii sikualika watu. Sebuleni tulikuwa mimi, Babu, na Mama anayejifanya anakunja nguo. Ndege mpya ilikuwa imeshapanda ngazi yote: Muscat, Muscat ya joto, Nairobi, Unguja, Khasab. Daftari limejaa. Muscat ilikuwa saa kumi alasiri, kwa hiyo Pemba ni saa tisa.

Kabla sijawasha injini nikamwuliza, "Babu, leo kuna upepo gani?"

Akanitazama kama nimemwuliza jina lake. "Mwezi wa nane. Kusi, lakini inaanza kuchoka."

Nikafungua hali ya hewa ya kweli. Noti 14, kutoka digrii 170. Sikusema kitu, nikamgeuzia skrini aone. Akatingisha kichwa tu.

Tukaruka Kisauni kwa 18, kuelekea kusini, upepo usoni. Tukageuka. Babu akawa kimya mpaka Unguja ikaisha chini yetu na ikaja ile bahari ya buluu nzito ya katikati. "Hapa pana kina," akasema. "Hapa mashua inacheza." Baada ya dakika kama ishirini kisiwa kikatokea.

Njia ikaonekana imenyooka mbele, kama zulia, kama ile siku ya Idd. Safari hii sikuishukia. Nikakiacha kiwanja upande wetu wa kushoto, tukapita pwani ya mashariki kuelekea kaskazini, ili Babu aone kutoka dirisha la rubani. Akasogea mpaka pua ikakaribia skrini.

"Chake ile?"

"Ile pale, nyuma ya kiwanja."

"Miti mingi mno. Na mikarafuu iko wapi?"

"Simuleta haijui mikarafuu, Babu. Inapanda miti tu."

"Basi haijui Pemba." Lakini hakuondoa macho.

Nikageuka kushoto, nikageuka tena, njia ikaja mbele yetu kwa upande wa 21, upepo usoni na kidogo ubavuni kutoka kushoto. Niliweka pua kushoto kidogo, kama nilivyofanya mara kumi Unguja. Flapu chini. Matairi chini. Tukagusa. Nikabana breki, na breki zikafanya kazi yake, breki zile zile nilizozitukana mbele ya dunia nzima. Tukasimama na njia bado imebaki.

Mama alikuwa ameacha kukunja nguo.

Babu akakaa muda mrefu anatazama jengo la kiwanja, na uzio, na ule ukijani nyuma yake. Nilidhani atalia. Nilikuwa nimejiandaa. Akasema, "Upande ule wa pili hatukutua."

"Ule ni wa kaskazi, Babu. Wa kusi ni huu."

"Najua. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tunasimama kule, karibu na uzio, kuangalia ndege zikija na kaskazi. Kule ndiko ninakokujua." Akajiegemeza nyuma. "Basi Disemba. Kaskazi ikishika, tutatua kule."

Mnaocheza simuleta mnajua kwamba naweza kuigeuza kusi kuwa kaskazi sasa hivi. Ni sehemu mbili za kubonyeza, haichukui hata sekunde kumi. Mama alinitazama, na nadhani naye alijua. Siku tatu kwa wiki ndiye anayempeleka Babu kwenye mashine.

Nikazima injini moja, halafu ya pili, kwa utaratibu wake, kama daftari linavyosema.

"Sawa, Babu," nikamwambia. "Disemba."